Gari kupiga stata kwa uvivu asubuhi ya baridi: laki nane na ushee zilivyoniponyoka kwa sababu ya waya mmoja

Nianze na mlio wenyewe manake kama umewahi kuusikia huwezi kuusahau. Saa kumi na nusu alfajiri, Njombe, mwezi wa saba, umevaa makoti mawili na kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, unageuza ufunguo na injini badala ya kuzunguka chapchap ikawaka inasema "nyooo... nyooo... nyo" afu kimya. Taa za dashibodi zinafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta. Unarudisha ufunguo, unavuta pumzi, unageuza tena, nyooo. Nyuma kuna magunia 12 ya viazi na mteja wako yuko Makambako anasubiri kupakia kwenye fuso kabla jua halijawa kali, na we umekaa hapo unaangalia mvuke wa pumzi yako kwenye kioo.

Hayo ndo yalikuwa maisha yangu karibu wiki sita. Naandika nikiwa nimeshatoka salama, na naandika kwa undani kwa sababu kila kosa nililofanya nilililipia taslimu.

Gari ni Hilux ya zamani ya dizeli, injini 3L, ile ya cc 2779, haina kompyuta wala mbwembwe. Niliinunua Dar kwa jamaa aliyekuwa anabebea mizigo ya duka, na Dar ilikuwa inawaka kwa kuigusa tu. Nikaja nayo Njombe mwezi wa pili, joto joto, hakuna shida. Watu wa pwani mtacheka lakini huku juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi sio mchezo, na ukipanda Makete kule Kitulo unakuta umande umeganda kwenye nyasi unalia chini ya viatu. Dizeli nayo inahitaji nguvu nyingi kuzungushwa kuliko petroli manake inabana hewa mara 20 na zaidi, ndo hiyo hewa iliyobanwa inapata moto wa kuwasha mafuta. Kwa hiyo stata ikizunguka polepole hewa haipati joto la kutosha na hakuna kuwaka, hata umwage sala zote.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Mwezi wa sita mwanzoni niliona asubuhi stata ina uvivu flani lakini gari inawaka, afu mchana ikishapata moto inapiga vizuri tu, chap. Hicho kitu cha mchana ndo kilinidanganya kuliko vyote. Nikawa najiambia gari nzima, ni baridi tu, hata mimi mwenyewe asubuhi siamki. Nikaizoea. Jioni nikawa nailaza kwenye mteremko wa pale nyumbani, asubuhi naachia breki inashuka yenyewe natia gia ya pili naachia klachi inawaka. Sikuona shida, niliona nimekuwa mjanja.

Ujanja huo ulikaribia kuniua. Siku moja imeshuka na haikushika, nakanyaga breki iko ngumu kama jiwe, manake kwenye hizi gari nguvu ya kusaidia breki inatokana na pampu ya upepo iliyo nyuma ya altaneta na altaneta haizunguki kama injini haizunguki. Nilisimamia sentimita chache kwenye geti la jirani, na magunia 12 nyuma yananisukuma. Kama unailaza gari mlimani kila jioni jua kabisa unacheza na hilo.

Siku hiyohiyo nikaenda kununua betri. Sikupima kitu. Muuzaji alishika vichwa vya betri yangu kwa taa yake ya kupimia, taa ikawaka, akatikisa kichwa akasema hii imekufa mzee, na mimi nikakubali manake ndo jibu nililokuwa nimekuja nalo kutoka nyumbani. N70 mpya (N70 ni saizi ya betri), shilingi 325,000, na ile ya zamani aliichukua kupunguzia bei, hiyo 325,000 ni baada ya kupunguziwa. Kesho yake asubuhi ikapiga vizuri. Kesho kutwa vizuri. Nikawa natembea kifua mbele, nikamwambia na mke wangu unaona, kumbe ilikuwa betri tu.

Siku ya tisa baridi ikashuka kweli, asubuhi kuna ukungu huoni hata nguzo ya umeme iliyo ng'ambo ya barabara. Nageuza ufunguo. Nyooo... nyooo...

Sijui kama nimewahi kujisikia mjinga hivo. Sasa hivi naelewa kilichotokea, betri mpya iliyojaa ina nguvu zaidi kidogo ya kulazimisha umeme upite hata njia ikiwa mbovu, kwa hiyo kwa siku kadhaa za baridi ya wastani ilifunika ugonjwa. Baridi ilipozidi, betri yenyewe ikapungua nguvu, oili ikawa nzito, na ugonjwa ukarudi palepale. Betri mpya inaweza kukuonyesha nafuu hata kama betri haikuwa tatizo, na ile nafuu ndo inakufunga macho.

Nikaenda gereji. Fundi, simtaji, ni mtu ninayemfahamu na tunasalimiana mpaka leo, akaniambia piga stata. Nikapiga. Akaingia chini akaishika stata kwa kiganja akasema "bosi, hii stata imepata moto, kaboni zimeisha hizi, ukitengeneza itakusumbua, weka nyingine tu, ninayo ya mtumba kutoka Japani safi kabisa". Stata kweli ilikuwa ya moto. Lakini stata inayonyimwa umeme wa kutosha nayo inapata moto, inang'ang'ana inazunguka polepole mwisho inajichoma, kwa hiyo moto peke yake haukusema chochote. Nilichotakiwa kusema ni "fundi ifungue tuone". Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya stata, zinaonekana kwa macho, zikiwa fupi unaziona fupi, bushi zikiwa zimelika unashika ile shafti inacheza. Ni kazi isiyofika saa moja. Sikusema. Nikalipa 180,000 ya stata na 30,000 ya ufundi, na ile ya kwangu akasema "hii niachie, chuma chakavu tu". Nikamwachia. Kumbukeni hiyo.

Asubuhi ikapiga vilevile. Labda bora kidogo, labda nilikuwa natamani iwe bora.

Hapo sasa kila mtu kijiweni akawa daktari. Mmoja akasema hita plagi, zile zinazopasha joto ndani ya injini ya dizeli kabla haijawaka, nikabadilisha zote nne, 72,000 na ufundi 10,000. Kweli mbili zilikuwa zimekufa, na baada ya hapo gari ikizunguka inashika haraka na haitoi moshi mweupe mwingi, kwa hiyo sio kwamba pesa ilipotea yote. Ila uvivu wa stata haukuguswa hata kidogo na hauwezi kuguswa, na hapa nisisitize manake watu wengi wanachanganya: kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, hapo ndo unafikiria hita, mafuta, hewa kwenye mafuta. Kama yenyewe inazunguka kwa uvivu, hita haihusiki, tafuta umeme unaofika kwenye stata au kitu kinachoifanya injini iwe nzito. Kwanza hita zenyewe zinakula umeme mwingi, kwenye betri dhaifu ukizisubirisha mara tatu nne umeshamaliza ule uliokuwa wa stata.

Mwingine akasema oili. Huyo alikuwa na hoja. Nilienda kuangalia dumu nililotumia mara ya mwisho nikakuta oili nzito ya namba moja tu, 40, haina ile W, niliambiwa dukani kwamba injini ya zamani inataka oili nzito. Ile namba iliyo mbele ya W ndo inasema oili inakuwaje ikiwa baridi, ikiwa ndogo inatiririka vizuri asubuhi, na oili isiyo na W kabisa kwenye baridi inakuwa kama asali iliyokaa. Nikabadilisha nikaweka 15W-40 na filta mpya, 78,000. Ikasaidia, nusu ya "nyooo" ikapungua. Lakini bado asubuhi ya ukungu mara moja inawaka mara moja inagoma, na ilipogoma siku ambayo viazi vilikuwa vimeshapakiwa ikabidi nikodi gari ya mtu kwa 120,000 kuvipeleka Makambako, kilomita kama 60 tu, faida yote ya mzigo ikaishia hapo.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa kike. Anasomea umeme chuo cha ufundi VETA, alikuja likizo, ana mita yake ile ndogo yenye nyaya mbili nyekundu na nyeusi. Ananisikia alfajiri nahangaika, akatoka amejifunga khanga juu ya sweta akasimama pale mlangoni anasikiliza. Afu akaniuliza, "Kaka, umepima nini mpaka sasa hivi?"

Nikaanza kumhesabia. Betri nimeweka mpya, stata nimebadilisha, hita zote mpya, oili...

"Hapana, sijauliza umenunua nini. Umepima nini?"

Nikakaa kimya. Hilo swali lilinichoma mpaka leo.

Akaniambia nisiiwashe, tusubiri kesho alfajiri ikiwa imelala usiku kucha, manake ugonjwa wa asubuhi unapimwa asubuhi. Ukienda gereji saa tano jua limewaka na injini ina moto, fundi anakuambia gari haina shida na hadanganyi, kwa saa hiyo haina shida. Hilo nalo lilikuwa kosa langu mara zote, nilikuwa naifikisha gereji ikiwa imeshapona.

Kesho yake saa kumi na moja tukatoka na tochi. Kitu cha kwanza alichomoa waya mdogo ulio kwenye pampu ya dizeli, ule wa kile kifaa kinachofungua mafuta, ili nikipiga stata injini izunguke tu bila kuwaka. (Kwenye gari ya petroli unatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kazi ni ileile.) Gia nyutro, breki ya mkono, na akaniambia usipige zaidi ya sekunde tano, pumzika, rudia. Hakuna mkono wala kitambaa karibu na mikanda.

Akapima betri kabla ya kugusa chochote. 12.6. "Betri imejaa," akasema. Ingekuwa 12.4 imepungua robo, 12.2 iko nusu, ikifika 12.0 hiyo ya kuchajiwa kwanza kabla hujalaumu kitu kingine. Ila namba hii ina maana tu kama gari imelala saa nyingi, ukipima dakika tano baada ya kuzima inakudanganya.

Afu akaweka ncha za mita palepale kwenye betri, kwenye ile risasi yenyewe inayochomoza sio kwenye kishikio kilichofungwa juu yake, akasema piga. Nyooo. Akasoma 10.6. Mimi nikadhani mbaya, akasema hapana, betri ikivuta stata inashuka, ikibaki juu ya 9.6 hivi ujue betri inajitahidi. Ingeshuka mpaka 8 au 7 tungesema betri. Hapa betri inatoa nguvu, stata inalia njaa. "Kuna mtu katikati anakula."

Sasa akahamia kwenye stata. Ncha nyekundu kwenye boliti kubwa la stata linapoingilia waya mnene, nyeusi kwenye bodi ya stata yenyewe. Piga. 8.3. Yani betri inatoa 10.6 stata inapokea 8.3. Voti 2.3 zimepotelea njiani. Nikaona kama ile michango ya harusi inapitia kwa mwenyekiti.

Kilichobaki ni kujua zimepotelea upande gani, na hii ndo sehemu ambayo natamani kila mwenye gari aijue manake haihitaji kufungua hata nati moja. Unapima kuanzia mwanzo wa njia mpaka mwisho wa njia ileile wakati stata inavuta. Njia ikiwa nzima mita inasoma karibu sifuri, njia ikiwa mbovu mita inakuonyesha voti zilizokwama pale. Akaanza upande wa chanya, ncha moja kwenye risasi ya chanya ya betri, nyingine kwenye boliti la stata, piga: 0.3. Hapo hata 0.5 ingevumilika. Akaja upande wa hasi, ncha moja kwenye risasi ya hasi, nyingine kwenye chuma cha injini alichokikwangua kwanza kwa msasa. Piga.

2.0.

Hakusema kitu, alinigeuzia tu ile mita nione. Upande huu ikizidi 0.2 au 0.3 ni mgonjwa, sisi tuko 2.

Akakatakata njia vipande. Kutoka risasi mpaka kishikio chake, 0.05, safi. Kutoka kishikio mpaka pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari, 0.15. Kutoka kwenye bodi mpaka kwenye injini, 1.8. Kwa hiyo bodi na injini haviongei. Tukaingia chini na tochi, na hapo ndo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona toka ninunue gari: waya wa hasi unaotoka kwenye betri haukuwa unaenda kwenye injini kabisa. Kuna mtu zamani alibadilisha akaweka mfupi, akaufunga kwenye bodi tu akaishia hapo. Injini ikabaki inategemea kile kiutepe cha ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) cha zamani kinachotoka kwenye chesisi kuja kwenye injini, kile kilichosukwa kama mkeka. Kwa nje kilikuwepo, kimefungwa, kina tope. Akakishika akakivuta kidogo kwa vidole viwili, kikakatikia mkononi. Ndani ni unga wa kijani, nyuzi zilizobaki nzima nadhani hazikuzidi kumi.

Umeme wote wa stata, amp 180 na zaidi, ulikuwa unapita hapo.

Nikamwambia lakini fundi alipima ethi! Na kweli alipima, aliweka taa yake ya testa kwenye injini, ikawaka, akasema ethi ipo. Mdogo wangu akacheka. Taa ya testa inakula umeme kidogo mno, hata uzi mmoja unautosha. Hata mita ukiiweka kwenye mlio italia "piii" vizuri tu. Akanifanyia hesabu kwenye vumbi la boneti kwa kidole: ukinzani wa ohm 0.01, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukiona, ukipitisha amp 200 unakula voti 2 nzima. Ukipitisha amp moja ya taa, haipotei kitu. Ndo maana waya mnene haupimwi ukiwa umelala, unapimwa ukiwa kazini.

Na ndo maana baridi ilikuwa inauleta ugonjwa na joto linauficha. Asubuhi injini ni nzito, stata inaomba umeme mwingi zaidi, na kadri inavyoomba ndivyo ile njia mbovu inavyokula zaidi. Betri nayo baridi inaipunguza, inasemekana ikifika kwenye nyuzi sifuri inabaki na kama theluthi mbili tu ya nguvu zake. Mchana vyote vinalegea, hasara inapungua, gari inapiga chap na we unasema gari nzima.

Afu zikaanza kunirudia kumbukumbu. Mwezi wa sita kuna siku nilishika waya wa mafuta, ule wa eksileta, baada ya kupiga stata sana, nikaukuta una joto na mafuta yanakanyagika kwa ugumu. Nikapaka grisi nikaendelea na safari. Kumbe umeme ukikosa njia yake ya kurudi unatafuta yoyote, unapita kwenye waya wa eksileta, wa breki ya mkono, popote chuma kinapounganisha injini na bodi. Kama umewahi kuona hizo nyaya zinapata moto au zinakwama bila sababu, usiende kununua nyingine, angalia ethi ya injini kwanza. Na taa za dashibodi zilikuwa zinacheza nikiwasha indiketa. Vyote nilikuwa navyo mbele ya macho.

Dawa ilikuwa hivi. Tulinunua waya mnene wa kuchomelea, ule laini wenye nyuzi nyingi za shaba, unene wa milimita 50 za mraba, mita moja na nusu, na vichwa vyake vya shaba vya kubana. Vikabanwa kwa mashine ya kubania dukani kwa fundi umeme, sio kupondwa kwa nyundo kama nilivyotaka kufanya mimi. Mmoja kutoka hasi ya betri moja kwa moja kwenye boliti la injini karibu na stata, kipande kingine kutoka injini kwenda chesisi badala ya kile kilichokufa. Sehemu ya kufungia ikakwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, boliti ikakazwa, afu grisi ikapakwa juu baada ya kukaza. Vyote 48,000. Ukianza kazi hii hasi ndo inatoka ya kwanza na kurudi ya mwisho, spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya utaona nyota mchana.

Asubuhi iliyofuata tukapima tena, baridi ileile. Kwenye stata 9.8. Upande wa hasi 0.15. Betri yenyewe ilishuka mpaka 10.3 nikashtuka, akanieleza ni sawa, stata sasa inapata umeme wake wote kwa hiyo inavuta zaidi. Akarudisha waya wa pampu, akasema haya washa. Nyenyenye brrum. Sekunde mbili. Mke wangu alitoka nje akidhani nimeletewa gari nyingine.

Kwa wenzangu wa sehemu za baridi, Mufindi, Makete, Lushoto, Arusha kule juu, na wa Limuru na Kinangop pia, mita ya elfu 25 inatosha kufanya yote haya, tafuta tu mtu wa kugeuza ufunguo. Ukikuta betri asubuhi iko 12.1 wakati jana ulitembea safari ndefu, washa gari upime altaneta, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa iko vizuri na bado betri inaamka imechoka, kuna kitu kinanyonya usiku, mara nyingi redio iliyofungwa na mtu wa mtaani. Vishikio vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, suuza, na linda macho manake ile ni tindikali. Ukipima njia zote mbili ukakuta ziko safi, betri haishuki, na stata inapata 9.8 kama yangu lakini bado inazunguka kwa uvivu, basi hapo sasa ifunguliwe stata, kaboni na bushi, na hapo fundi ana haki ya kukuuzia. Gari ikikubali kwa kubustiwa na gari nyingine usikimbilie kusema betri, angalia ile klipu nyeusi uliifunga wapi: ukiifunga kwenye injini umeiruka ethi mbovu bila kujua. Mimi nilibustiwa mara mbili hivo na ikawaka vizuri, nikazidi kuamini ni betri.

Hesabu niliiandika yote nyuma ya daftari la viazi. Betri 325,000, stata na ufundi 210,000, hita na ufundi 82,000, oili na filta 78,000, gari ya kukodi 120,000. Jumla 815,000. Oili siijutii, hita nusu nusu. Betri, sijui, ile ya zamani haikupimwa na haipo tena ya kupimwa.

Stata ndo inaniuma. Mwezi wa tisa nilikaa na jamaa mmoja sokoni ana Hilux kama yangu, tunapiga stori za magari, akaniambia naye stata ilimsumbua akabadilisha, kapewa safi sana ya mtumba kutoka Japani kwa 160,000, inapiga kama mpya. Nikamuuliza fundi gani. Akanitajia. Nikamwomba afungue boneti, nikainama na tochi ya simu, na pale kwenye kifuniko cha nyuma cha stata kuna tone la rangi ya kijani, rangi ya geti langu, niliyoidondoshea mwenyewe mwezi wa nne nilipokuwa napaka geti gari ikiwa imefunguliwa pembeni. Nikamwambia ndugu yangu, hapo umepata kitu kizuri sana.